Mashine kuukuu ya kukereza: Pima kabla ya kukaza

Na Mwandishi Wetu, Kirando

KATIKA mji wa Kirando, ulio kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi mkoani Rukwa, shafti iliyokerezwa vibaya si kasoro ndogo.

Boti ya mvuvi ambayo shafti ya pangaboi yake haikunyooka hula bushi haraka, huingiza maji, na mwisho wake huweza kuzimika katikati ya ziwa wakati upepo wa kusi ukivuma. Mashine ya kusaga mahindi nayo, shafti yake ikiwa nene upande mmoja kuliko mwingine, huchoma beringi na kuwaacha akina mama wakirejea nyumbani na nafaka yao kichwani.

Kuagiza shafti nyingine kunamaanisha safari ya zaidi ya kilometa 100 hadi Sumbawanga, barabara ikipanda kutoka mwambaoni hadi kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Ndiyo maana mashine ya kukereza vyuma, ambayo kwa Kiswahili sanifu huitwa pia kerezo, ina thamani kubwa kwa mafundi wanaohudumia maeneo ya aina hii, hata kama ni kuukuu.

Makala haya yanaeleza namna ya kushughulikia malalamiko mawili yanayosikika zaidi kuhusu mashine hizo. La kwanza ni mashine kutetema na kuacha alama za mawimbi juu ya chuma. La pili ni mashine kutoa shafti ambayo ncha yake moja ni nene kuliko nyingine.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni fundi kukimbilia kukaza beringi za spindo, yaani mhimili mkuu unaozungusha kipande kinachokerezwa, au kuagiza mpya. Beringi hizo ni ghali, kuzifungua ni kazi ya siku nzima au zaidi, na mara nyingi si zenye kosa. Utaratibu ulio salama ni kuanza na yale yasiyogharimu fedha, kupima kila hatua, na kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Chuma si kitu kigeni Ufipa

Ufundi wa chuma katika uwanda wa Ufipa ulikuwapo karne nyingi kabla ya kuja kwa mashine. Wafipa waliyeyusha mawe yenye chuma katika tanuri ndefu za udongo, zijulikanazo kama malungu, ambazo urefu wake ulifikia takriban meta tatu. Tanuri hizo zilivuta hewa zenyewe kupitia mabomba ya udongo yaliyopangwa chini yake, bila kutumia mivukuto.

Chuma kilichopatikana kilipelekwa katika tanuri ya pili, ndogo zaidi, iliyotumia mivukuto, ili kisafishwe kabla ya kufuliwa kuwa majembe, mashoka na mikuki. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, baada ya majembe ya viwandani kutoka ng'ambo kujaa sokoni.

Mhunzi wa zamani hakuruka hatua. Tanuri ya pili haikuwashwa kabla ya ya kwanza kumaliza kazi yake. Fundi wa leo anayetafuta kasoro katika mashine ya kukereza anahitaji nidhamu hiyo hiyo.

Usalama kwanza

Kabla ya kugusa sehemu yoyote, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha mashine pekee. Ufunguo wa kibanio, yaani kile kifaa chenye taya kinachoshika kipande, usiachwe mahali pake hata kwa dakika moja, kwani mashine ikiwashwa kwa bahati mbaya ufunguo huo hurushwa kama risasi.

Aidha, fundi asivae glavu, mikono mirefu ya shati iliyolegea, wala shanga au tai anapokuwa mbele ya mashine inayozunguka. Chenga za chuma ziondolewe kwa brashi au ndoana, kamwe si kwa mkono. Vipimo vyote vya kutumia mikromita vichukuliwe mashine ikiwa imesimama kabisa.

Hatua ya kwanza: Kisu na kipande

Sehemu kubwa ya mitetemo haitokani na mashine, bali hutokana na jinsi kazi ilivyofungwa. Kwa hiyo uchunguzi uanzie hapo.

Kisu cha kukatia kiwe kikali na ncha yake ilingane na kitovu cha kipande. Kikiwa juu ya kitovu husugua badala ya kukata. Kikiwa chini, kipande hujaribu kupanda juu yake. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kulinganisha ncha ya kisu na ncha ya sindano iliyo kwenye mkia wa mashine.

Kisu kisitokeze mbali nje ya kishikio chake. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba sehemu iliyotokeza isizidi mara moja na nusu ya unene wa kisu chenyewe.

Kipande nacho kina kanuni yake. Kikishikwa na kibanio peke yake, urefu unaoning'inia usizidi takriban mara tatu ya kipenyo chake. Shafti ya milimita 30, kwa mfano, isitokeze zaidi ya milimita 90 bila kuegemezwa na sindano ya mkia. Shafti ndefu zaidi ya mara kumi ya kipenyo chake huhitaji pia mhimili wa katikati wa kuizuia isipinde.

Mwendo pia una nafasi yake. Chuma laini kikikatwa kwa kisu cha chuma cha kasi hustahimili takriban meta 25 kwa dakika. Ili kupata mizunguko inayofaa, zidisha 25 kwa 1,000, kisha gawanya kwa kipenyo kilichozidishwa kwa 3.14. Shafti ya milimita 40 itahitaji mizunguko takriban 200 kwa dakika, na ya milimita 80 itahitaji takriban 100.

Endapo mashine inatetema, jaribio la kwanza lisilogharimu chochote ni kupunguza mizunguko na kuongeza kidogo mwendo wa kisu kwenda mbele. Mitetemo ikitoweka, basi hakuna kipuri kilichokufa.

Hatua ya pili: Sakafu na miguu

Mashine ya kukereza ni nzito, lakini kitanda chake, yaani sehemu ndefu ya chini ambayo kigari cha kisu hutelezea, huweza kujipinda kama ubao uliowekwa juu ya mawe yasiyolingana. Sakafu ikititia kona moja baada ya masika, kitanda hujisokota, nacho kisu hakitembei tena sambamba na spindo.

Matokeo yake ni shafti nene upande mmoja, ingawa beringi zote ni nzima.

Kwanza hakikisha kila mguu umekaa imara. Sukuma mashine kwa mkono na usikilize iwapo kuna mguu unaogonga sakafu. Kisha weka timazi ya maji ikiwa imekingama juu ya kitanda, karibu na kichwa cha mashine, halafu karibu na mkia. Jambo la msingi ni kwamba vipimo hivyo viwili vifanane. Timazi ya mwashi huonyesha kosa kubwa tu. Kwa kosa dogo hutumika timazi ya mafundi wa mashine, inayoweza kuonyesha mwinamo wa milimita 0.02 kwa kila meta moja.

Hatua ya tatu: Mota na mikanda

Ondoa mkanda unaounganisha mota na mashine, kisha washa mota peke yake. Ikiwa bado inatetemesha chumba, kasoro iko kwenye mota, puli yake au boliti zinazoishika. Mota ya fezi tatu inayonguruma na kukosa nguvu huenda imepoteza fezi moja, na hapo aitwe fundi umeme kabla haijaungua.

Mota ikiwa tulivu, zima umeme na uzungushe spindo kwa mkono mkanda ukiwa bado umeondolewa. Spindo izunguke kwa ulaini ule ule mzunguko mzima. Ikikwama mahali pamoja au ikitoa mkwaruzo, alama hiyo iandikwe kwa ajili ya hatua inayofuata.

Kagua mkanda wenyewe. Mkanda bapa ulioungwa kwa vibanio vya chuma hugonga kila kiungo kinapopita juu ya puli, na mgongo huo huonekana kwenye kazi kama mistari yenye nafasi sawa. Mkanda uliolegea huteleza kisu kinapoingia ndani. Uliokazwa kupita kiasi huvuta spindo upande mmoja na kuchosha beringi.

Hatua ya nne: Kupima spindo

Hapa ndipo wengi wanapoanzia, ilhali ni hatua ya nne. Kinachohitajika ni geji yenye sura ya saa, inayosoma sehemu moja ya mia ya milimita.

Ondoa kibanio, safisha mdomo wa spindo, kisha weka geji ikiegemea kitanda na kidole chake kikigusa mdomo huo. Zungusha spindo kwa mkono. Mshale ukibaki karibu mahali pamoja, lakini ukayumba kibanio kinaporudishwa, basi kosa liko kwenye kibanio: chenga zimeingia kwenye nyuzi zake au taya zake zimelika. Fundi anayeruka kipimo hiki anaweza kununua beringi kwa sababu ya uchafu uliohitaji kitambaa tu.

Baada ya hapo pima ulegevu. Ingiza gongo la mti lenye urefu wa takriban sentimita 60 katika tundu la spindo, linyanyue kwa nguvu ya kawaida, kisha likandamize chini, ukisoma geji kila upande. Katika beringi za vigurudumu, mshale unatakiwa usogee kidogo sana, takriban milimita 0.01. Katika mashine za zamani zenye bushi za shaba, ulegevu wa milimita 0.03 hadi 0.05 bado huvumilika, kwa kuwa bushi hizo huhitaji nafasi ya utando wa oili.

Rudia kipimo kwa kusukuma na kuvuta spindo kuelekea mkia. Ulegevu wa upande huo huonekana zaidi wakati wa kusawazisha uso wa kipande.

Iwapo marekebisho ni lazima, yafanyike kidogo kidogo. Nati ya beringi za vigurudumu izungushwe sehemu ndogo tu ya mzunguko, kisha mashine iachwe izunguke bila kazi kwa nusu saa kwa mwendo wa kati. Kichwa cha mashine kikipata joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia, umekaza mno, legeza. Kwa bushi zilizopasuliwa na kuwekewa vibati vyembamba, ondoa vibati vya unene sawa pande zote mbili, wala usitafute kuondoa ulegevu wote.

Hatua ya tano: Kigari na slaidi

Kigari kinachobeba kisu hutelezea juu ya kitanda, na juu yake kuna slaidi inayokingama. Ulegevu wa slaidi hudhibitiwa na kabari nyembamba ya chuma inayosukumwa na skrubu ndogo. Kabari ikilegea, kisu hucheza kama jino bovu na kuacha mawimbi.

Kaza skrubu hizo moja baada ya nyingine mpaka uhisi uzito kidogo unapozungusha mpini, kisha funga nati zake.

Kwa mashine kuukuu kuna mtego mmoja. Kitanda hulika zaidi karibu na kichwa, kwa kuwa kazi nyingi fupi hufanyika hapo. Fundi akikaza kigari mahali palipolika, kitakwama kikifika karibu na mkia ambako kitanda bado ni kipana. Kwa hiyo ukazaji ufanyike upande wa mkia, na ulegevu unaobaki karibu na kichwa uvumiliwe hadi kitanda kitakapochongwa upya.

Ulegevu wa mpini, yaani ile hali ya mpini kuzunguka kidogo kabla ya slaidi kusogea, huwatisha wengi bila sababu. Hautetemeshi mashine slaidi ikiwa imebanwa vema. Dawa yake ya kila siku ni kusogeza kisu kila mara kutoka upande mmoja. Ukipita alama, rudi nyuma mzunguko mzima, kisha uikaribie upya. Nati ya shaba iliyolika huweza kukerezwa mpya juu ya mashine hiyo hiyo.

Jaribio linalomaliza ubishi

Baada ya hatua hizo, lipo jaribio moja la kuonyesha iwapo shafti inatoka nene upande mmoja kwa sababu ya kitanda au kwa sababu ya mkia.

Chukua chuma cha duara chenye kipenyo cha takriban milimita 40. Kishike kwa kibanio kikitokeza milimita 150 bila kuegemezwa na sindano. Hapa kanuni ya mara tatu inavukwa kwa makusudi, kwa hiyo mkato uwe mwepesi mno. Punguza sehemu ya katikati ili zibaki pete mbili, moja karibu na kibanio na nyingine kwenye ncha. Kwa kisu kikali kata pete zote mbili bila kugusa mpini wa slaidi, kisha zipime kwa mikromita.

Pete ya ncha ikiwa nene kuliko ya karibu na kibanio, kisu kinakimbia kazi kadiri kinavyokwenda mkiani. Chanzo cha kawaida ni kitanda kilichojisokota. Weka kibati chembamba chini ya mguu wa mbele, upande wa mkia, kisha rudia jaribio. Pete ya ncha ikiwa nyembamba, kibati kiwekwe chini ya mguu wa nyuma wa upande huo huo.

Pete zikilingana, lakini shafti ndefu iliyoegemezwa na sindano ikatoka na unene tofauti, basi kitanda hakina kosa. Mkia ndio uliohama. Ncha ya mkiani ikiwa nene, sogeza mkia upande wa fundi; ikiwa nyembamba, usogeze mbali naye. Kiasi cha kusogeza ni nusu ya tofauti iliyopimwa, endapo shafti imekerezwa urefu wote kati ya kibanio na sindano.

Kwa mashine ya kawaida iliyo katika hali njema, tofauti isiyozidi takriban milimita 0.02 katika urefu wa milimita 300 huhesabiwa kuwa nzuri. Mashine kuukuu ikikaribia hapo, haina haja ya kufumuliwa.

Soma alama zilizo kwenye chuma

Alama zenyewe ni ushahidi. Mawimbi yanayoambatana na mlio mkali huelekeza kwenye kisu, kipande kirefu au slaidi iliyolegea. Kipande kisicho duara kamili, hata kikikatwa polepole, huelekeza kwenye spindo.

Mistari inayojirudia kwa nafasi sawa yafaa kupimwa kwa rula. Ikiwa nafasi hiyo inalingana na hatua ya nyuzi za parafujo ndefu inayovuta kigari, mfano milimita 6, ichunguzwe parafujo hiyo kama imepinda. Mgongo mmoja kwa kila mzunguko wa gia fulani huashiria jino lililovunjika au chenga iliyokwama kati ya meno.

Oili ni bima

Katika mwambao wenye unyevu kama wa Kirando, kutu na vumbi huua mashine haraka kuliko kazi. Kila jioni kitanda kipanguswe na kupakwa oili. Vikombe vya oili visijazwe grisi, kwa sababu bushi iliyotengenezwa kwa ajili ya oili haipati grisi ya kutosha mahali inapozunguka. Unapotumia jiwe la kunoa karibu na mashine, funika kitanda, kwani vumbi lake hula chuma kama msasa.

Ziwa Tanganyika lenyewe lina ushahidi wa thamani ya jambo hilo. Meli ya Mv Liemba, ambayo kwa miaka mingi ilihudumia wasafiri wa mwambao huu, ilitengenezwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuungwa Kigoma. Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini mafundi wake walipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuiachia maji. Ilipoibuliwa mwaka 1924, mitambo hiyo ilikutwa katika hali nzuri, na mwaka 1927 meli ilirejea kazini.

Wakati wa kuomba msaada

Zipo kasoro ambazo karakana ndogo isijaribu kuzimaliza peke yake: kitanda kilicholika kiasi cha kuhitaji kuchongwa upya, spindo iliyopasuka au kupinda, na kichwa cha mashine chenye ufa. Kwa hayo, fundi anaweza kutafuta ushauri wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, au walimu wa ufundi mitambo katika vyuo vilivyo chini ya VETA.

Aendapo huko asibebe maelezo ya "mashine inatetema" pekee. Abebe karatasi yenye vipimo: timazi ya pande mbili za kitanda, mshale wa geji kibanio kikiwapo na kisipokuwapo, ulegevu wa spindo, na unene wa pete mbili za jaribio. Mtaalamu aliye mbali ataweza kujua kutokana na karatasi hiyo kama safari ya kuleta kipuri kutoka Sumbawanga au Dar es Salaam ni ya lazima, au kama kilichohitajika ni kibati kimoja chini ya mguu wa mashine.